Plagi za Boti la Wanyonyi

Jumapili, 2 Aprili 2006

Mvua imeanza kwa fujo na Mto Nzoia umepanda hadi kwenye mizizi ya mkuyu. Baada ya ibada Mama, mkwe wangu, alikuja mlangoni pangu, akakataa kiti kama afanyavyo akiwa na jambo zito, akasema mumewe, Mzee Wekoye, ameamua boti lirudi majini. Boti ni la Wanyonyi, mume wangu, na tangu tumzike Novemba hakuna aliyeligusa ila kuku waliotagia ndani yake.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Nikifungua mdomo kanisani, kabla ya jioni maneno yameshafika soko la Tongaren yakiwa yamevaa nguo nyingine.

Wanyonyi alikuwa fundi wa kuchomea vyuma kwa Pritam, yule Singasinga wa Kitale. Pritam ndiye aliyeunda boti hili kwa mikono yake. Halina panga la kuzunguka nyuma, kwa sababu mawe ya Nzoia huvunja panga. Injini inavuta maji kwa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu, boti linakwenda. Pritam alipohamia kwa binti yake ng'ambo alimwachia Wanyonyi boti, na karakana akamwachia mwanawe Ravinder. Tangu daraja la miguu lisombwe na maji, boti hilo ndilo daraja letu.

Na Mama ana presha. Kila mwezi lazima avuke aende kliniki Lugulu, na daktari alimwambia asikose. Kuzunguka kwa barabara wakati wa matope haya kunaweza kummaliza hata mtu mzima wa afya. Mwaka jana Wanyonyi alimvusha. Mwaka huu atavushwa na Mzee, ama havuki.

Jumatatu, 3 Aprili

Petroli inakaa kwangu, kwenye stoo ya Wanyonyi. Mzee hawezi kuja kuichukua nyumbani kwangu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawaingiliani nyumba, hawapeani kitu mkononi, hawatazamani usoni. Chochote tunachoambiana kinapitia kwa Mama. Sina hata mtoto wa kutumwa. Kwa hiyo tumepatana, kupitia kwa Mama, kwamba nitaupeleka mtungi mapema na kuuacha chini ya mkuyu, kisha niondoke kabla Mzee hajashuka.

Injini hii haina mahali pa kutilia oili peke yake. Oili inachanganywa na petroli kwa kipimo. Ikipungua, injini inakwama. Ikizidi, plagi zinalowa na moto hauwaki. Wanyonyi alizoea kuchanganya palepale mtoni, lakini mimi alinifunza, na nikawa nampimia akiwa na haraka. Mzee ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ataonaje alama ndani ya kikombe? Nimechanganya mwenyewe leo, kipimo kilekile, nikatikisa mtungi kama mtu anayetikisa maziwa ya mursik.

Sikumwambia Mama. Ningemwambia nini? Kwamba mumewe haoni? Maneno kama hayo mke wa mwana hayasemi. Nitafanya kimya kimya na Mzee atapata urahisi bila kujua ulikotoka.

Alhamisi, 6 Aprili

Boti limewaka, likaenda hadi katikati, likakohoa, likazima. Mzee amerudi kwa kasia. Mama aliniletea plagi mbili zimefungwa kwenye gazeti: nyeusi, zimelowa, zinateleza kama kambare. Mzee anauliza kama najua Wanyonyi alikuwa akizifanyaje. Nilizisugua kwa brashi ya waya, nikaziweka juu ya jiko hadi zikakauka, kando ya mahindi niliyokuwa nachoma. Mama akacheka, akasema nisije nikakosea nikamletea Mzee plagi kwa chai.

Jumatatu, 10 Aprili

Plagi tena.

Alhamisi, 13 Aprili

Kliniki ya Mama. Mzee aliweka plagi mpya na akamvusha bila shida. Moshi tu ndio ulikuwa mwingi, wa rangi ya bluu, hadi watu wa ng'ambo wakasema boti la Wekoye limejifunza kuvuta sigara. Wakati wa kurudi lilizima mara mbili. Mama amefika amelowa, amechoka, lakini dawa anayo.

Jumatano, 19 Aprili

Nilishuka mtoni kumwaga maji yaliyoingia botini usiku. Kwenye kisanduku cha nyuma niliona chupa ya brandi, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Si yangu kuigusa, ni kitu cha baba mkwe. Lakini niliiona.

Mzee Wekoye ni mzee wa kanisa la Marafiki. Hata busaa, pombe ya harusi, huwa anairuka. Kumbe.

Jumanne, 25 Aprili

Plagi. Nimezichoma asubuhi, nimezichoma mchana. Mama ananipa kwa mkono wa kushoto siku hizi, ule wa kulia anasema unamfa ganzi.

Jumanne, 2 Mei

Ravinder amekuja kutoka Kitale na sanduku la spana. Alifungua kabureta, akakagua sili, akapima moto wa koili. Kila kitu kizima. Alitazama plagi akasema hii ni oili, oili imezidi. Akaenda kwa Mzee mtoni akamwuliza anaelewa kipimo cha oili. Baadaye akaja kwangu uani, nikimwaga pumba, akaniuliza mimi naelewa kipimo. Nikamwambia kikombe hiki, hadi alama hii, kwa mtungi mmoja, kama Wanyonyi. Akakuna kidevu.

"Mzee amesema hivyohivyo," akasema. "Kipimo ni sawa. Basi msipunguze, mtaua injini."

Nikafurahi kwamba Mzee hajasahau kipimo cha mwanawe, ingawa si yeye anayepima. Ravinder ametuwekea plagi za aina nyingine, za moto zaidi, na kutukataza kuiacha injini ikinguruma ufukoni bila kwenda. Amekataa malipo. Alikula ugali na mrenda kwetu na akaniambia baba yake bado huulizia boti kila anapopiga simu.

Jumatano, 10 Mei

Zile plagi za moto nazo zimelowa.

Ijumaa, 12 Mei

Leo ndiyo ilikuwa kliniki ya Mama. Injini ilikataa kabisa. Mzee alivuta kamba ya kuwashia hadi kiganja kikachubuka. Mama alikaa botini na mkoba wake magotini, amevaa ile kanzu ya Umoja wa Kina Mama, anangoja, hadi jua likapanda na akasema mwezi ujao si mbali.

Nilitaka kulia kwa hasira.

Jumapili, 14 Mei

Mama ananiambia kwa sauti ya chini kwamba Mzee anaamini Wanyonyi hajakubali boti liendeshwe na mwingine. Nikauliza, mwingine ni nani? Mama akageuza macho. Najua wanavyosema huku: mke hajazaa, mume amekufa, anangoja nini. Labda Mzee naye anasema. Labda mimi ndiye ninayeliletea boti mkosi. Yeye anayekaa mtoni na chupa yake ndiye wa kunihukumu mimi?

Jumatatu, 22 Mei

Mvua. Palizi imekwama. Plagi.

Alhamisi, 1 Juni

Nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa nateka maji juu kidogo ya mkuyu, kwenye vichaka, na Mzee alikuwa amenipa mgongo. Alitoa gunzi kwenye chupa, akainama, akakaa hivyo, kisha akapangusa shingo ya chupa kwa kiganja na kuirudisha. Nikarudi nyumbani bila maji. Mama aliniuliza nina nini, nikasema kichwa.

Nimemfichia Mama. Amefiwa na mtoto, nisimwongezee mume mlevi.

Jumatatu, 12 Juni

Sijaandika tangu Ijumaa. Naandika sasa kwa sababu wanawake waliokuja kukaa nami wamelala na hakuna wa kunizuia.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunakoboa mahindi, Mama na mimi. Alikuwa akinisimulia habari ya ng'ombe wa jirani. Katikati ya neno akanyamaza. Nikacheka nikadhani ameisahau hadithi. Nilipoinua uso mdomo wake ulikuwa umekwenda upande mmoja na mahindi yalikuwa yanadondoka kutoka mkono wa kulia. Nilimwita Mama, Mama. Alinitazama vizuri kabisa, alikuwa ananijua, ila neno halikutoka.

Nikapiga mbio hadi mtoni nikamwita Mzee kwa mbali, bila kumtaja, nikapaza sauti tu kwamba Mama ameanguka. Vijana wenye nguvu walikuwa wamevuka alfajiri na mtumbwi wa kasia, wamepeleka betri za gari kuchajiwa Tongaren ili jioni watazame mpira wa Kombe la Dunia. Tulibaki mimi, Mzee, na jirani mmoja wa makamo aliyetusaidia kumbeba Mama hadi ufukoni, naye akabaki kwa kuwa boti lisingebeba wanne kwenye maji yale.

Mtungi nilikuwa nimeshauleta asubuhi, umechanganywa tayari. Niliingia botini. Mke wa mwana hapandi chombo kimoja na baba mkwe, lakini nani angemshika Mama? Nilikaa mbele nimempa Mzee mgongo, kichwa cha Mama mapajani mwangu, khanga yangu nimemfunika kwa mvua. Nyuma yangu nilisikia Mzee anaweka mtungi, anafungua. Kisha nikasikia gunzi likitoka kwenye chupa, na ule mlio, gwa gwa gwa.

Mungu anisamehe jinsi nilivyomchukia mtu yule wakati ule. Mke wake yuko hivi, na yeye anakunywa kwanza.

Injini iliwaka. Moshi ukatufunika hadi nikamziba Mama pua. Tulifika katikati, penye mkondo, ikaanza kukohoa. Nikasema moyoni, usizime, usizime, Wanyonyi mwambie isizime. Ikazima. Mzee alibadilisha plagi, namsikia anapumua, spana inagonga chuma. Ikawaka, ikazima tena. Akabadilisha tena, akaweka zile nilizochoma juzi. Ikakohoa mara moja na kunyamaza. Maji yakatuchukua. Mzee alishika kasia, lakini Nzoia ya Juni haimsikilizi mtu wa umri wake. Tulikwenda nalo boti, tukigonga mawe, hadi likanasa kwenye matete chini kabisa, upande uleule tuliotoka.

Mama alikuwa ameshika kidole changu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akijaribu kusema. Midomo ilisogea upande mmoja, akaniangalia mimi, akaangalia nyuma yangu alikokuwa Mzee, akaniangalia mimi tena. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba maneno yetu yote, na hilo la mwisho sijui lilikuwa la nani. Mkono wake ukalegea kwenye kidole changu kabla watu hawajatufikia.

Sikugeuka kumtazama Mzee.

Jumamosi, 17 Juni

Tumemzika. Mvua haikunyesha. Kanisa lilijaa hadi nje. Ravinder alikuja na mkewe Preeti, wakakaa na watu kwenye majani. Mzee alikaa kwenye kiti cha mbele amenyooka kama mti wa simu. Nilimtazama kwa pembe ya jicho nikinusa, nikitafuta harufu ya pombe. Sikuipata.

Jumatano, 21 Juni

Tumenyolewa, matanga yameisha. Dada yangu anataka nirudi kwetu Kanduyi. Anasema hapa sina mume, sina mtoto, na sasa sina hata Mama, nitakaa na mzee tusiyeruhusiwa kusemezana naye, kama mabubu wawili? Nimefungasha nguo nusu.

Jumamosi, 24 Juni

Nataka kuandika polepole ili nisikose kitu.

Ravinder alirudi leo. Alisema hawezi kulala akifikiria injini ile, na kwamba baba yake alilia kwenye simu. Alimwomba Mzee waijaribu pamoja, yeye akiwa hapo, mwanzo hadi mwisho. Akaja kuniambia nilete petroli kama kawaida. Nilipima, nikatikisa, nikapeleka mtungi mtoni, nikauweka chini ya mkuyu na kutaka kuondoka. Ravinder, ambaye hajui au alijifanya hajui desturi zetu, akasema, "Ngoja, Viola, si ukae hapa nione vile mnafanya."

Nikasimama mbali, nimegeukia kichaka. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha. Nilitaka Ravinder aione ile chupa. Nilitaka mtu mmoja hapa duniani ajue ni nini kilichomuua Mama. Kwa hiyo niligeuka nikatazama.

Mzee alifungua mtungi. Akapapasa kisanduku, akatoa chupa ya brandi, akang'oa gunzi. Hakuipeleka mdomoni. Alitoa mfukoni kifuniko cha chupa ya chai, akakishika karibu kabisa na jicho la kushoto, akamimina, akakipima kwa ncha ya kidole gumba, maana macho hayakutosha. Kitu cha bluu, kizito. Kisha akaanza kukimwaga ndani ya mtungi, taratibu, bila kupoteza tone.

"Baba," nikasema.

Tangu niolewe sijawahi kumwita hivyo usoni. Mkono wake ulisimama.

"Baba, oili nimeshaweka."

Hakugeuka. "Umeweka nini?"

"Oili. Naweka nyumbani. Tangu Aprili."

Ravinder alikuwa anatutazama, yeye, mimi, yeye. Kisha nikamwona anaelewa. Akajishika kichwa kwa mikono yote miwili juu ya kilemba na kutembea hadi ukingoni mwa maji, akatupa mgongo.

Mzee alikaa chini palepale kwenye matope. Kifuniko bado kilikuwa mkononi, amekishikilia wima kisimwagike. Aliposema alisema na maji, si na mimi, lakini alikuwa akiniambia mimi.

"Mimi pia ni tangu Aprili. Nilikuwa namwona Wanyonyi akichanganyia hapa. Nikasema mke wa kijana wangu anajulia wapi mambo ya oili. Nikasema hiyo kazi imebaki ya kwangu." Akakigusa kifuniko kwa kidole gumba. "Nilipima na kidole. Sikukosea kipimo hata siku moja."

"Hata mimi sikukosea," nikasema.

Basi hapo alilia. Mzee Wekoye, ambaye hakulia akimzika mwanawe wala akimzika mkewe. Na mimi nikalia nikiwa nimesimama kule kwenye kichaka, kwa sababu hata hapo sikujua kama naruhusiwa kumsogelea.

Jumapili, 25 Juni

Sikuenda kanisani. Nimekaa na jambo hili siku nzima na halipungui. Neno moja tu lingetosha. Ningemwambia Mama, "mwambie Mzee nimeshachanganya," basi. Lakini nilimhurumia Mzee macho yake nikaona haya kuyataja. Naye, nadhani, alinihurumia ujane wangu, akaona haya kunisumbua na kazi ya mtoni. Mwezi Mei nilimdhania ananiita mkosi. Mwezi Juni nilimdhania mlevi. Mtu ambaye alikuwa anapima oili kwa kidole gumba ili mkewe afike hospitali. Ninajichukia, na bado ninamkasirikia yeye, na ninaikasirikia adabu yetu yote hii nzuri. Kisha namkumbuka Mama anavyocheka habari ya plagi jikoni na ninashindwa kuandika.

Jumatatu, 26 Juni

Nimefungua mfuko, nimerudisha nguo kwenye sanduku.

Jumanne, 11 Julai

Ravinder alimwaga petroli yote ya zamani, akasafisha injini, akaweka plagi mpya. Ikawaka kwa mvuto mmoja. Hakuna aliyefurahi.

Jumamosi, 22 Julai

Wazee wa ukoo wamekuja. Wamesikia Mzee anasema na mke wa mwanawe mdomo kwa mdomo, tena mbele ya watu. Walisema desturi imevunjwa na inabidi atoe kondoo wa kutakasa. Nilikuwa nyuma ya nyumba nasikia. Mzee akawajibu kwamba yeye ameshatoa zaidi ya kondoo. Wakanywa chai wakaondoka.

Ijumaa, 4 Agosti

Ni mwaka wa tohara. Njuga za vijana zinasikika kutoka kila mlima, na barabara ya Tongaren imejaa waimbaji.

Leo asubuhi walimleta Roselyne, mke wa jirani, uchungu umemshika kabla ya siku zake, apelekwe Lugulu. Nzoia imejaa tena, ile rangi ya chai ya maziwa. Nilishuka na mtungi. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye boti. Hakuna tena kuacha kitu chini ya mkuyu na kuondoka. Nilipofika ukingoni aliuliza kwa sauti, kama anavyouliza kila siku sasa, bila kunitazama:

"Viola, umeweka?"

"Nimeweka, Baba."

"Basi mimi siweki."

Nikauweka mtungi miguuni pake. Akamimina, akavuta kamba mara moja. Injini iliitika na kunguruma safi, bila kukohoa, bila ule moshi wa bluu. Boti likageuka, likakata mkondo mahali palepale tulipozimikia, likapita kama hakuna kitu kilichowahi kutokea pale. Nilikuwa nimeanza kusoma Baba Yetu kwa ajili ya Roselyne. Sikufika hata kwenye mkate wa kila siku. Walikuwa ng'ambo, watu wanamshusha, gari la kuazima linangoja.

Mama angefika.

Mzee naye nadhani alilihesabu hilohilo. Aliposhusha watu hakurudi. Alizima injini akabaki amekaa ng'ambo ile, mikono magotini, na mimi nikabaki upande huu. Nilimngoja. Alipowasha tena nilishuka hadi maji yakanifika magotini, nikalishika boti kwa ubavu wake, akanipa mtungi mtupu mkononi.